Raba za kuzuia mtetemo chini ya spika na mashine za muziki: zinafanya kazi, au tunanunua imani?

Mwanzisha Mada

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililonikaa moyoni muda mrefu, na naomba tulijadili kwa hoja.

Siku hizi ukinunua spika unaambiwa ununue na raba za kuweka chini yake. Ukishanunua unaambiwa bado: weka na chini ya amplifaya, chini ya deki ya CD, chini ya mashine ya santuri, hata chini ya ekstensheni ya umeme. Maelezo hayabadiliki. Mtetemo unachafua muziki, raba inameza mtetemo, besi inakaza, mwimbaji anasogea mbele. Nimeziweka, nimezitoa, nimezirudisha, nimekaa na daftari nikiandika ninachosikia. Nilipofika ni hapa: raba ina kazi ya kweli, lakini kazi hiyo iko sehemu chache, na hata huko haifanyiki kama raba haibonyei vya kutosha chini ya mzigo iliobebeshwa.

Asiyeamini kwamba kazi ipo afanye hivi sasa hivi. Chukua simu, iweke kwenye mtetemo, ilaze juu ya meza tupu ya mbao, upigiwe. Meza nzima inanguruma. Kisha kunja taulo, iweke chini ya simu, upigiwe tena. Simu inatetemeka vilevile, ukiigusa unaisikia, ila meza imenyamaza. Sehemu kubwa ya kelele zile ilikuwa ya meza. Raba chini ya spika inafanya hilo tu: inaizuia meza, rafu au sakafu isigeuke spika ya tatu.

Sharti ni kwamba iwe laini kulingana na uzito. Kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji hawaitaji, na mtu yeyote mwenye rula anaiweza. Pima kimo cha raba ikiwa haina kitu. Weka spika juu, pima tena. Tofauti hiyo, kwa milimita, itafutie kipeuo cha pili, kisha chukua 16 ugawanye kwa ulichopata. Jibu ni frikwensi ya asili ya mzigo ukiwa juu ya raba hiyo, yaani mara ngapi kwa sekunde (Hz) ungetikisika wenyewe ukisukumwa kidogo na kuachwa. Ikibonyea mm 4, ni Hz 8. Ikibonyea mm 1, ni Hz 16. Ikibonyea robo milimita, ni Hz 32. Kinga inaanza mara 1.4 juu ya namba hiyo. Chini ya mpaka huo raba haizuii kitu, na sauti ikiangukia kwenye namba yenyewe, raba inaongeza mtetemo. Tena haya ni makadirio ya upande mzuri, maana mpira unaotikiswa huwa mgumu kuliko mpira uliotulia.

Sasa tazameni. Raba nyingi nilizozikuta chini ya spika za watu hazibonyei hata hiyo robo milimita. Zile zinazobonyea robo, kinga yake inaanzia Hz 45, wakati uzi mnene wa gitaa la besi unapiga Hz 41. Yaani mtu kanunua raba kwa ajili ya besi, na besi ya chini kabisa inapita kama kawaida, pengine na nyongeza juu yake.

Nauliza mawili. Kwanza, nani ana ushahidi kwamba raba chini ya amplifaya au deki ya CD inabadilisha sauti? Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: je, ni haki kumwambia jirani "nimeshaweka raba" kana kwamba shida yake imekwisha?

Sikio Kali

Mkuu, nakuheshimu, ila kwenye amplifaya naomba nitofautiane nawe. Nimesikiliza muziki kwa makini zaidi ya miaka ishirini. Nilipoweka raba laini chini ya amplifaya yangu na chini ya spika, siku hiyo hiyo nilisikia sauti ya mwimbaji ikitoka kwenye ukungu. Sikuwa natafuta muujiza. Mke wangu alikuwa jikoni, akauliza nimebadilisha nini.

Na sayansi ipo. Amplifaya ya vali, zile chupa za kioo za kizamani zinazokuza sauti, ukiigonga vali kwa penseli unasikia "ting" kwenye spika. Vile vipande vya ndani ya vali vinacheza, na kucheza kwake kunageuka umeme. Kapasita za kauri, vile vipande vidogo vya kutunza chaji ya umeme, nazo zina tabia hiyo: ukizibana au kuzigonga zinatoa volti. Kristali inayoendesha saa ya deki ya kidijitali nayo inahisi mtikisiko. Sasa ikiwa vyote hivi vinahisi mtetemo, kwa nini raba isisaidie?

Fundi Spika

Nimekaa na vifaa hivi vikiwa wazi mezani, kwa hiyo niseme nilichokiona.

Kuhusu vali, Sikio Kali yuko sahihi kabisa. Niliwahi kuletewa amplifaya ya vali inayolia kama kengele kila sauti ikipandishwa. Mwenyewe alikuwa ameiwekea raba nne nene. Nilipogonga vali ndogo ya kwanza, ile inayopokea sauti ikiwa bado changa, spika ikajibu kwa nguvu. Nikaihamishia nafasi ya mbele zaidi, ambako sauti imeshakuzwa, na kuweka nyingine ya aina ile ile mahali pake. Kilio kikaisha. Raba hazikuweza kumsaidia kwa sababu sehemu kubwa ya mtetemo haikupanda kutoka chini. Ilikuja hewani, moja kwa moja kutoka kwenye spika hadi kwenye kioo cha vali. Raba haina habari na kinachopita hewani. Ukiwa na vali inayolia, isogeze mbali na spika au ibadilishe.

Kapasita za kauri ni kweli pia, baadhi ya aina. Ndiyo maana mbunifu makini hazipitishi njia ya sauti, anatumia za filamu au kauri ya aina isiyo na tabia hiyo. Kwenye amplifaya ya transista iliyotengenezwa vizuri, gonga sanduku kwa kidole huku umesogeza sikio kwenye spika. Kama kidole chako hakisikiki, mtetemo wa sakafu utasikikaje, na wenyewe ni mdogo kuliko kidole mara nyingi sana?

Kuhusu spika kusikika tofauti, naamini ulisikia kitu. Nauliza: raba zako zina kimo gani? Kama ni sentimita 3, umenyanyua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, sentimita 3. Ukikaa karibu, hiyo inatosha kubadilisha pembe kati ya twita, woofa (ile kubwa ya besi) na sikio lako, na pale frikwensi zinapokabidhiana kati ya hizo mbili sauti inabadilika kweli. Inapimika. Ila mtetemo hauhusiki hapo. Chonga vipande vya mbao vya kimo kile kile, viweke badala ya raba, usikilize. Niliwahi kumfanyia mteja hivyo bila kumwambia ipi ni ipi, akachagua mbao.

Sikio Kali

Hilo la kimo sikulifikiria, nakiri. Ninazo raba za sentimita 2 na nusu. Nitafanya hilo la mbao. Lakini deki ya CD? Ile leza inasoma vitu vidogo mno.

Mwalimu wa Fizikia

Niingie hapo. Ni vidogo kweli: mistari ya CD imepishana kwa mikrometa 1.6. Lakini leza haikai tu ikitumaini bahati. Kuna mfumo unaoisogeza lenzi kila wakati ili isitoke kwenye mstari, na zaidi ya hapo, data imeandikwa pamoja na ziada ya kurekebisha makosa. Mkwaruzo unaofuta kama milimita 2.5 za mstari mfululizo bado unarekebishwa kikamilifu. Namba zinazotoka ni zile zile zilizoandikwa kwenye diski, si namba zinazofanana nazo. Mtetemo ukizidi uwezo huo, utasikia muziki ukiruka au ukikatika. Hautasikia "ukungu".

Kristali ya saa: unyeti wake ni takriban sehemu moja kwa bilioni kwa mtikisiko wenye nguvu sawa na mvutano mzima wa dunia. Rafu yenye muziki wa kawaida hutikisika kwa kiwango cha elfu moja ya hapo, au chini zaidi. Kwa hiyo saa inayumba kwa sehemu moja ya trilioni. Nimejitahidi kutafuta njia ya hilo kufika sikioni, sijaiona.

Diski za kompyuta zinazozunguka, hizo kweli zinaathirika. Mwaka 2008 mhandisi mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems alizipigia kelele diski kwenye kituo cha data na akaonyesha kwenye skrini jinsi zilivyochelewa kujibu. Lakini kuchelewa si kuharibika: data ilifika ile ile. Anayehifadhi muziki kwenye diski ya aina hiyo, raba itamsaidia kupunguza mlio wa diski yenyewe unaopita kwenye kabati. Hiyo ni faida, na ni ya kawaida tu.

Mpenda Santuri

Mmezunguka kote mkaniachia kiini cha jambo. Mashine ya santuri ni kifaa cha kuhisi mtetemo. Hiyo ndiyo kazi yake! Sindano inafuata mfereji ambao sauti ndogo kabisa ndani yake inaisogeza chini ya mikrometa moja. Kisha umeme unaotoka, milivolti 5 kwa katriji nyingi (kile kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), au nusu milivolti kwa zile za koili inayotembea, unakuzwa mara 100 hadi 1,000 kabla hata haujafika kwenye amplifaya. Sindano haijui kama imetikiswa na muziki au na mlango uliobamizwa. Kwake yote ni muziki.

Kuna jaribio ambalo kila mwenye santuri anapaswa kulifanya. Zima mota. Laza sindano juu ya santuri iliyosimama. Pandisha sauti taratibu, anza chini kabisa kwa usalama wa spika. Sasa gonga rafu kwa ukucha. Utasikia "du". Gonga sakafu kwa kisigino. Sasa mwache mtu atembee chumbani. Kila unachokisikia hapo kinaingia kwenye muziki wako kila siku na hukijui, kwa sababu muziki unakifunika.

Sasa niseme jambo ambalo Mwanzisha Mada hakulisema, na limenigharimu. Alisema raba ibonyee. Mimi sakafu yangu ni ya mbao na mashine ilikuwa ikinguruma nikipandisha sauti, ule mngurumo unaojilisha wenyewe, spika inaitikisa sindano, sindano inailisha spika. Nikatafuta raba laini. Zilibonyea milimita 2 na nusu, nikafurahi. Mngurumo ukapungua sana. Lakini nikitembea, sindano inaruka! Kabla ya raba haikuwa ikiruka. Wiki nzima natembea chumbani kwangu kwa ncha za vidole.

Nilikuja kuelewa baadaye. Milimita 2 na nusu, kwa hesabu ile ile ya 16, ni Hz 10. Na mkono wa sindano pamoja na katriji vina frikwensi yao ya asili, ambayo watengenezaji hulenga iwe kati ya Hz 8 na 12. Nilikuwa nimeuwekea mkono bembea inayopiga kwa mwendo wake ule ule.

Mwanzisha Mada

Mpenda Santuri, hapo umenisahihisha na nashukuru. Niliandika kama vile kubonyea zaidi ni bora siku zote. Chini ya spika nasimamia nilichosema. Chini ya mashine ya santuri inabidi mtu aruke kabisa eneo la Hz 8 hadi 12: ama awe juu yake na akubali kinga ya sauti za kati tu, ama ashuke hadi Hz 4 au 5 kwa springi au upepo. Ulimalizaje?

Mpenda Santuri

Kwanza nilijaribu tyubu ya baiskeli. Niliijaza upepo kidogo tu, ikawa laini kama shavu, nikaweka ubao mzito juu yake, kisha mashine. Mngurumo uliisha kabisa. Nyayo zilipungua lakini hazikuisha, na haziwezi kuisha. Mtu anatembea hatua kama mbili kwa sekunde, hiyo ni Hz 2. Kuzuia Hz 2 unahitaji frikwensi ya asili chini ya Hz 1.4, na rudisha hesabu nyuma uone: kitu kinatakiwa kizame kama milimita 130. Hakuna raba ya hivyo, na mashine ingekuwa inayumba kama mtumbwi. Hata mashine zenye springi ndani, zilizovuma tangu kampuni ya AR ya Marekani ilipotoa yake mwaka 1961, zinalindwa vizuri dhidi ya spika, lakini juu ya sakafu ya mbao inayobonyea baadhi yake ndizo zinazoruka zaidi.

Dawa yangu ilikuwa rafu iliyofungwa ukutani, ukuta wa matofali. Sakafu icheze itakavyo, ukuta hauendi popote. Nilifunga skrubu nne. Jioni ile niliruka kwa miguu miwili mbele ya mashine ikicheza, sindano ikatulia. Nimebakiza raba ngumu kidogo kati ya mashine na rafu, kwa ajili ya sauti za kati. Usiku ule nilicheza santuri hadi alfajiri.

Mgeni wa Mada

Samahanini, na zile koni za chuma zenye ncha zinazowekwa chini ya spika? Niliambiwa zinakata mtetemo usishuke sakafuni.

Fundi Spika

Hapana ndugu. Ncha ya chuma inaiunganisha spika na sakafu kwa nguvu zaidi. Kazi yake halali ni juu ya zulia: inatoboa zulia, inafika sakafu ngumu, spika inasimama imara bila kuyumba. Kama lengo lako ni kutenganisha spika na sakafu, ncha inakupeleka upande usiotaka.

Na utasikia wanaopinga raba wakisema spika ikiwekwa kwenye kitu laini inayumba nyuma na mbele, sauti za juu zinachafuka. Fanyeni hesabu. Koni ya spika yenyewe, ile inayosukuma hewa, na vinavyosogea nayo, gramu 30. Sanduku, kilo 20. Koni ikisogea milimita 5, tena hiyo ni besi kubwa, sanduku linarudi nyuma milimita 0.0075. Ni sehemu ya kumi ya unene wa unywele, au pungufu.

Jambo dogo la mwisho: raba laini nyingi zina mafuta ya kulainisha ndani yake yanayotoka taratibu na kuacha doa kwenye vanishi. Weka kitu chembamba kati ya raba na mbao yako nzuri. Na zile za aina ya Sorbothane zina ugumu mbalimbali, 30, 50, 70, na kila moja imetengenezwa ibebe mzigo utakaoifinya asilimia 10 hadi 20 ya kimo chake. Anayezinunua bila kupima uzito wa spika anabahatisha.

Jirani wa Chini

Nimesoma yote kimya. Sina spika wala santuri. Naishi ghorofa ya chini ya mtu mwenye sabufa, na Mwanzisha Mada amenigusa kwa lile swali la pili.

Jirani yangu si mtu mbaya. Nilipomwendea mara ya kwanza alinipokea vizuri, akanunua raba, akaniita nizione. Mara ya pili aliniambia, "Lakini mimi nimeshaweka raba." Mara ya tatu alitoa simu, akapima sauti chumbani kwangu, ikasoma desibeli 34. Akanionyesha: hii ni kama maktaba. Sikuwa na la kujibu. Lakini usiku nikilaza kichwa kwenye mto naisikia kifuani. Si muziki, sisikii wimbo. Ni "mu, mu, mu". Glasi kabatini zinagusana. Mwanangu mdogo anauliza ni nini kinachopumua ukutani. Nimeanza kuona kama mimi ndiye mwenye kasoro. Naomba mniambie ukweli: mimi ni mkorofi?

Mwalimu wa Fizikia

Dada au kaka, huna kasoro yoyote, na namba ile ya desibeli 34 imekuonea. Vipimo vingi vya simu hutumia mizani inayoitwa A, ambayo inapunguza besi kwa makusudi. Kwenye Hz 50 inakata desibeli 30 nzima. Kwenye Hz 31.5 inakata 39. Kama karibu sauti yote chumbani mwako ilikuwa Hz 50, ile 34 ilikuwa 64 halisi, na sikio la binadamu mzima linaanza kusikia Hz 50 kwenye takriban 44. Kwa hiyo ulikuwa desibeli 20 juu ya kizingiti cha kusikia. Mwambie apime kwa mizani C, au mizani isiyokata kitu, aone.

Raba zake hazikushindwa kwa sababu ni mbovu. Besi ya Hz 43 ina wimbi la urefu wa mita 8. Inajaza chumba chake chote, inasukuma sakafu, dari na kuta kwa eneo lake lote, na sakafu yake ndiyo dari yako. Raba inazuia njia moja tu, ile ya miguu ya sabufa. Ile ya hewani iko palepale.

Mama Wawili

Naomba nitetee raba kidogo. Sisi tuko juu, sakafu ni ya mbao, na spika zetu ndogo zilikuwa juu ya kabati. Jirani alilalamika kwamba anasikia hata maneno ya waimbaji. Mume wangu alikata mipira laini akaweka chini ya spika, jirani mwenyewe akatwambia maneno hayasikiki tena. Kwa hiyo si kweli kwamba raba haimsaidii jirani.

Mwalimu wa Fizikia

Ni kweli mlichofanya, na hakipingani na nilichosema. Maneno yako kwenye mamia ya Hz, huko raba ya kawaida ina kinga nzuri, na kabati lilikuwa likiyasukuma chini kwa kuyakuza. Sabufa iko Hz 30 hadi 80, huko raba nyingi ziko ukingoni mwa uwezo wake na hewa inabeba sehemu kubwa ya sauti.

Sikio Kali

Na haki ya mwenye muziki je? Mtu amefanya kazi siku nzima, yuko ndani kwake, saa mbili usiku. Asisikilize?

Mwanzisha Mada

Asikilize. Mimi ni wa mwisho kumnyima mtu muziki. Ila kuna vitu vinavyofanya kazi, na avifanye kabla ya kusema "nimeshaweka raba". Atoe sabufa kwenye kona: kila ukuta ulio karibu unaongeza besi, hadi desibeli 6 kwa ukuta mmoja, na kona ina mbili pamoja na sakafu. Aisogeze karibu na kiti chake, ili asikie vilevile kwa nguvu ndogo. Baada ya saa fulani akate kila kilicho chini ya Hz 50 kwenye ikwalaiza. Wimbo utabaki wimbo. Usiku wa manane avae hedifoni. Na wapime wote wawili pamoja, mmoja juu mmoja chini, simu mkononi. Watu wanagombana miaka kwa sababu kila mmoja anasikiliza akiwa chumbani kwake peke yake.

Raba abaki nazo. Ila nimeona mara nyingi mno raba ikitumika kufunga mjadala na mtu ambaye bado halali.

Sikio Kali

Narudi na majibu, kama nilivyoahidi. Spika zangu ziko juu ya dawati. Kijana wangu alikuwa akibadilisha raba na mbao za kimo kile kile, mimi niko nje ya chumba, naingia, nasikiliza macho yamefungwa, kitambaa kimefunika miguu ya spika. Mara 16. Nilipatia 13. Anayebahatisha tu kufikia hata 12 kati ya 16 ni kama mara 4 katika 100. Kwa hiyo juu ya dawati raba inasikika, na sasa najua ninachokisikia: kuna mvumo kwenye sauti za kiume ambao mbao inauleta na raba inauondoa. Ni dawati, kama ile simu.

Amplifaya sijaijaribu hivyo. Nitaijaribu. Kwa sasa siwezi kuapa tena kama nilivyoapa mwanzo.

Jirani wa Chini

Nilimwonyesha jirani yangu mjadala huu. Alisoma amesimama mlangoni, kisha akasema nipande. Tulikaa kama saa moja na nusu. Mkewe alishuka chumbani kwangu na simu, sisi tukabaki juu tukicheza mlio mmoja mmoja: 30, 40, 50, 63. Kwa raba na bila raba, kwenye 40 hakuona tofauti. Kwenye 63 aliona ndogo. Tulipoitoa sabufa konani na kuiweka kando ya kochi lake, akapiga simu kuuliza kama tumezima.

Glasi bado zinagusana kidogo akicheza mlio wa 50. Wimbo wa kawaida, hapana. Amekubali kukata kuanzia saa tatu usiku. Jana nililala.